Mchora Visogo wa Mlandege

Ukitaka kujua habari za Mwanaidi Yunusu, hukuwa na haja ya kumuuliza. Ulifungua simu tu. Hujamaliza chai ya asubuhi ameshaweka: "Alhamdulillah, kitabu kipya kimekubaliwa!" na picha ya brashi tatu zimelazwa juu ya sahani. Jumatano: "Warsha ya uchoraji kwa watoto, Kilolo, Jumamosi hii saa tatu asubuhi. Mtoto aje na penseli tu, karatasi zipo." Mwisho wa mwezi: "Mbeya, nakuja! Walimu wa chekechea, tukutane tujifunze kuchora hadithi." Magrupu yote aliyokuwemo, la mtaa, la waliosoma pamoja, la akina mama wa madrasa, la wachoraji wenzake, yalipata habari hizo kwa maneno yaleyale na maua yaleyale matatu mwishoni. Watu wa mtaa wake, Mlandege, walimpongeza, wengine kwa moyo, wengine kwa kidole gumba tu, maana ukiletewa habari njema za mwenzio kila wiki, mwishowe unachoka.

Mtu mmoja hakuwahi kuambiwa hata moja kati ya habari hizo, naye alikuwa analala chumba cha pili. Huyo ni baba yake, Mzee Yunusu. Mzee alikuwa na kitochi, ile simu ya vitufe, kimefungwa kwa mpira ili betri isitoke, na kitochi hakioneshi status ya mtu. Kwake Mwanaidi alisema tu kwamba anafanya "kazi za vitabu". Akienda kwenye warsha alisema anakwenda kazini. Mzee aliitikia, "Haya mwanangu, Mungu akutangulie," na mazungumzo yakaishia hapo.

Kazi yenyewe ilikuwa kuchora picha za vitabu vya watoto, vile vyembamba vyenye maneno mawili matatu kila ukurasa na picha inayobeba mengine yote. Mwanaidi alikuwa na miaka thelathini na minane. Ndoa yake ya Mbeya ilidumu miaka minne, haikuacha mtoto, na ilipokwisha alirudi Iringa na sanduku la nguo na sanduku la rangi, akaingia kwenye nyumba aliyozaliwa na kumkuta baba yake anaishi peke yake. Tangu hapo walikuwa wawili, na waliishi vizuri. Kugombana hawakuwahi. Laiti wangegombana, hata mara moja, kwa sauti ya kusikika barabarani, labda tungekuwa na hadithi nyingine leo.

Sasa, kwa nini binti amfiche baba yake habari ambayo hata wauza nyanya wanaijua? Ukimjua Mzee Yunusu utaona ajabu zaidi, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mchoraji. Babake alikuja Iringa kutoka Kilwa na cherehani, yeye akachagua brashi. Nusu ya maduka ya Mlandege na Mshindo yaliandikwa kwa mkono wake, herufi zimesimama wima na kivuli chekundu nyuma yake, hakuna rula, jicho tu. Alichora mikate, viatu, redio, baiskeli. Kwenye vibanda vya kinyozi alichora vichwa, lakini vyote kwa nyuma. Kinyozi mmoja alilalamika kwamba wateja wake wanaonekana kama wamenuna wakampa mgongo. Mzee akamjibu, "Kwani wewe unanyoa uso?" na akaendelea kuosha brashi.

Sura hakuchora. Wanasesere wa duka la vifaa vya watoto aliwachora wamelala kifudifudi. Mtaani pote kulikuwa na mchoro mmoja tu wa kiumbe chenye macho, nao ni dume la ng'ombe kwenye ukuta wa bucha la Masumbuko, la zamani, limepauka, na macho mawili makubwa yanayomfuata mpita njia mpaka avuke barabara. Mwanaidi alilipita kila siku ya maisha yake. Aliamini limechorwa na fundi mwingine.

Aliamini hivyo kwa sababu ya jambo lililotokea akiwa na miaka tisa. Mwaka huo mama yake, Mwamvita, alifariki. Arobaini ilipopita na wageni wakatawanyika, Mwanaidi alichukua kipande cha mkaa, akaingia jiko la uani, akamchora mama yake ukutani. Alichora ushungi, alichora shavu, alichora kidoti cha kidevuni, akamalizia na macho. Baba yake aliingia kutafuta maji ya udhu. Alisimama akautazama ukuta. Alitoka, akarudi na kopo la chokaa na brashi, akapaka mara mbili, hapa na hapa, juu ya macho. Sehemu nyingine zote aliziacha. Kisha akaweka kopo chini, akaenda msikitini.

Mtoto alibaki anatazamana na mama yake mwenye mabaka mawili meupe usoni. Kule madrasa alikuwa amesikia wakubwa wakibishana kwamba kuchora kiumbe chenye macho hakufai, akaunganisha hili na lile, akapata jibu lake: nimemkosea Mungu, na nimemkosea baba. Hakuna aliyemwambia sivyo, kwa sababu hakumwuliza mtu. Ule mchoro ulififia kwa moshi mwaka hadi mwaka, ukaisha.

Ndiyo maana Mwanaidi mtu mzima alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, ambayo wachoraji wenzake waliichukulia kama kichaa kidogo. Akiwa nyumbani alichora kila kitu isipokuwa macho. Watoto, bibi, sungura, kuku, wote walikaa mezani kwake na nyuso tupu. Karatasi zikikauka alizifunga, akapanda basi la Mbeya, akaenda ofisini kwa Sarah, mhariri wake. Hapo kwenye kona ya meza ya Sarah, akiwa na brashi nyembamba kuliko zote, alitia macho siku nzima. Vitabu sita vilitoka hivyo. Sarah alimtania kwamba anakuja Mbeya kufungua macho ya watu, wakacheka, wakaagiza chipsi.

Kitabu cha saba ndicho kilicholeta mambo. Kilikuwa chake mwenyewe, maneno na picha, kuhusu mtoto wa kike anayembebea baba yake kopo la rangi mji mzima, baba anaandika mabango. Kila ukurasa bango moja. Ukiwa mtu wa Iringa unayatambua maduka. Mwanaidi alikitengeneza kwa ajili ya mtu mmoja, na alitaka kitu kimoja tu: siku kitakapotoka, akiweke mikononi mwa baba yake, baba akifungue, akitazame ukurasa kwa ukurasa, ajione. Hilo tu. Zile habari nyingine zote, pongezi na vidole gumba, angezitupa jalalani kwa ajili ya hilo.

Mwezi wa tano mwaka jana kazi ilikuwa imekwisha. Macho yametiwa, Sarah amefurahi, kitabu kimeshapewa zamu kwenye mtambo wa kuchapia. Mwanaidi akatangaza: "Juni! Kitabu changu cha saba, na cha moyo wangu, kinatoka Juni." Maua matatu.

Jioni hiyo alirudi nyumbani akamkuta baba yake barazani, anang'oa rangi iliyoganda kwenye brashi kuukuu. Akamtazama yule mzee, kofia yake ya viua, vidole vyenye alama za bluu zisizotoka, na ghafla akaliona kopo la chokaa. Akaona baba amefungua kitabu, amekutana na sura yake mwenyewe ina macho mawili, amekifunga, amekiweka chini taratibu, ameenda msikitini. Akawa tena mtoto wa miaka tisa. Asubuhi alimpigia Sarah simu.

"Simamisha," alisema. "Nachora upya."

"Unachora upya nini, dada Mwana? Ukurasa gani?"

"Zote ishirini na nne. Naondoa macho."

"Mtoto akifungua kitabu kitu cha kwanza anatafuta macho. Wewe ndiye unafundisha hivyo kwenye warsha zako. Nimekusikia mwenyewe."

"Najua ninachofundisha. Hiki si cha watoto tu."

Walivutana wiki mbili. Sarah ni Mnyakyusa mwenye subira, na mwishoni alikubali kwa sharti kwamba picha zisionekane kama zimekosewa. Hiyo ilikuwa kazi ya kumvunja mtu mgongo. Ilibidi Mwanaidi apange kila ukurasa upya ili kila mtu awe na sababu ya kutoonekana macho: huyu ameinama, yule amejifunika mwavuli, mwingine kofia imemshuka, mtoto yuko nyuma ya kopo, baba anatazama ukuta. Aliandika status: "Kitabu kimesogezwa mbele kidogo ili kuboresha picha. Subira!" Miezi kumi na moja ndiyo hiyo kidogo.

Wenzake kwenye grupu wakaanza kumwita Mchora Visogo. Alicheka nao.

Katika miezi hiyo mambo kadhaa yalitokea nyumbani, na Mwanaidi aliyaona yote. Usiniambie hakuyaona. Aliona baba yake ameacha kupanda ngazi, akasema amechoka na kazi za juu. Aliona bega lake linagonga mlango uleule kila asubuhi. Aliona birika limepigwa kumbo likamwagika kwa sababu lilikuwa ubavuni mwa mzee na si mbele yake. Bango la mwisho alilochora, la duka la pembejeo, lilikuwa na herufi zinazopanda mlima. Mwanaidi alimwuliza, "Baba, macho yanakusumbua?" Mzee akasema, "Macho ya mzee ndivyo yalivyo." Binti akaridhika. Alidhani ni mtoto wa jicho, kitu cha kufanyiwa upasuaji siku yoyote, kitabu kikishatoka. Alikuwa kwenye ukurasa wa tisa.

Masumbuko naye, mwenye bucha, alikuwa akimwuliza kila akienda kununua nyama. Masumbuko ni Msukuma, ng'ombe wa baba yake ndio waliowaleta Usangu, na biashara ya nyama ikamleta yeye mjini. "Kale kitabu kanatoka lini, binti?"

"Bado kidogo, baba Masumbuko."

"Bado kidogo, bado kidogo. Fanyeni haraka bhana," alisema, akakata mfupa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Mwanaidi alidhani anapenda vitabu.

Mwezi wa kumi na moja alifanya warsha Kilolo, shule ya msingi, watoto arobaini sakafuni na penseli zao. Alikwenda na kurasa alizokwisha kuzimaliza, akazibandika ubaoni, akawafundisha kumchora mtu kwa nyuma: kwanza yai la kichwa, kisha shingo, kisha mabega. Wakachora wote wametoa ndimi nje. Msichana wa darasa la tatu, wa ukoo wa Kalinga, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, huyu baba kamkasirikia mtoto wake?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Hamtazami."

"Anatazama kazi yake," alisema Mwanaidi.

Msichana alifikiri. "Kurasa zote hizi?"

Watoto walicheka. Mwanaidi naye alicheka, akawaambia wageuze karatasi wachore upande wa pili. Jioni aliweka picha za warsha, watoto wameinua visogo vyao juu, na maneno "Kilolo mmenifurahisha!" Swali la yule mtoto hakuliandika. Lilimkaa moyoni wiki nzima, lakini hakubadili kitu.

Kitabu kilitoka mwezi wa nne mwaka huu, siku chache baada ya sikukuu ya Idi. Sarah alituma boksi kwa basi. Mwanaidi alilichukua stendi, akalifungua palepale juu ya benchi, akanusa wino. Ilikuwa kazi nzuri, acha nimpe haki yake. Watu wote walikuwa wameinama na kugeuka na kujifunika, na bado ulijua nani anacheka na nani kachoka. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi hakutangaza. Hakuna status, hakuna maua. Habari hii ilikuwa na mtu wa kuipokea kwanza.

Baba yake alikuwa uani, ametoka kuswali alasiri, amekaa kwenye kigoda karibu na mlango wa lile jiko la zamani ambalo siku hizi huwekwa magunia ya mkaa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umerudi."

"Nimerudi. Nimekuletea kitu." Alipiga magoti akamwekea kitabu mapajani.

Mzee Yunusu alipapasa jalada kwa kiganja, akafuata ukingo wake mpaka kona. Alitabasamu. "Ndicho hiki? Cha fundi wa mabango?"

Mwanaidi alishtuka. "Umejuaje, baba?"

"Masumbuko ananisomea. Kila unachoweka ananisomea, nikipita pale asubuhi. Cha sungura, cha bibi na ungo, vyote. Warsha ya Kilolo, ya Mbeya. Alisema kwenye hiki umeweka fundi. Nikasema nitangoja uniambie mwenyewe."

Aliposema hivyo alikifungua kitabu, akakitazama, uso umetulia na shingo imenyooka, kama mtu anayesoma. Kilikuwa juu chini. Mabango yote yalikuwa yamening'inia miguu juu, fundi kasimama kwa kichwa, naye mzee anatikisa kichwa taratibu na kusema, "Mashaallah. Mashaallah." Akafunua ukurasa wa pili.

Mwanaidi aliweka mkono juu ya mkono wake, akauzuia. "Baba. Unaona?"

"Mlango naujua ulipo," alisema mzee. "Mwanga unaingia. Zaidi ya hapo, tangu katikati ya Ramadhani, basi."

Aliyamaliza mengine kwa maneno machache, kama anayetoa hesabu ya siku ya kazi. Ilikuwa presha ya macho. Mwezi wa nane Masumbuko alimpeleka Mbeya, wiki ileile Mwanaidi alipokuwa warshani Makongolosi anawafundisha walimu. Daktari alimpa dawa ya matone, akamwambia haitarudisha kilichokwenda, itachelewesha tu kilichobaki, na ingekuwa heri angekuja mapema.

"Na mimi hukuniambia!" Hasira ilimpanda Mwanaidi mpaka sauti ikapasuka. "Nipo chumba cha pili, baba! Ningekupeleka mimi, ningeiacha Makongolosi!"

"Ulikuwa umeshatangaza. Watu wameshaambiwa, halafu wakukose? Nikasema nitakwambia ukirudi. Ukarudi ukajifungia na karatasi zako." Alipapasa kitabu tena. "Mimi nilikihesabia hiki, Mwana. Ulisema Juni. Juni nilikuwa naona vizuri, ukiweka kitu mbele yangu naona. Nikasema Juni nitawahi. Halafu Masumbuko akasoma kimesogezwa mbele. Nikasema haya, labda mwezi wa nane. Nikaweka matone."

Mwanaidi alikaa chini kwenye vumbi la mkaa. Alilia, na alilia kwa sauti, na mzee alimwacha alie.

"Kwa nini ulikisogeza?" baba aliuliza baadaye.

"Kwa ajili yako." Ilikuwa vigumu kulisema hilo sasa, lilisikika la kipumbavu kabisa. "Kilikuwa na macho. Watu wote walikuwa na macho. Nikayatoa yote, nikachora upya, ili wewe ukitazame usichukie."

"Nichukie nini?"

"Macho, baba. Wewe huchori macho. Ulifuta ya mama, humu ndani." Alionesha mlango wa jiko, akakumbuka kwamba kuonesha hakusaidii tena. "Nilimchora mama, ukaja na chokaa."

Mzee Yunusu alikigeuza kitabu mara mbili mikononi.

"Nani alikwambia sichori macho?" alisema hatimaye. "Dume la Masumbuko nani kalichora? Nilimaliza macho yale mama yako kanishikia ngazi. Alikuwa na mimba yako."

"Na ya mama je?" aliuliza Mwanaidi.

"Uliyapatia," alisema baba. "Ndiyo hayo tu. Una miaka tisa na kipande cha mkaa, na uliyapatia kabisa. Niliingia kutafuta maji nikamkuta Mwamvita ananitazama. Siku arobaini na kitu nilikuwa sijamwona. Sikuweza, mwanangu. Ningekaa humo nisitoke. Nikafuta, na tangu siku hiyo kila nikianza uso naona nimeanza wa kwake, nikaacha nyuso. Si dini. Dini haikuwa na neno hapo. Nilikuwa mwoga." Akapumua. "Nilitaka kukwambia umechora vizuri. Nikaona nitakwambia kesho."

Hapo ningewachapa wote wawili kama ingekuwa na faida. Miaka ishirini na tisa, ukuta mmoja katikati yao, mmoja anangoja kuambiwa na mwingine anangoja kuulizwa, na wote kwa heshima. Lakini walikuwa wameshika mikono na jua la alasiri lilikuwa bado lipo uani, na mzee ndiye aliyesema lililofuata.

"Mchore tena."

"Sasa hivi?"

"Kwani mkaa haupo?"

Mwanaidi aliyavuta magunia, akaufuta ukuta kwa kanga. Baba yake alijisogeza na kigoda chake mpaka ndani, akakaa mahali palepale aliposimama mwaka ule. Binti alichagua kipande cha mkaa chembamba, akaanza.

"Umefika wapi?"

"Ushungi."

"Upande wa kushoto ulikuwa unashuka. Haukukaa hata siku moja."

"Nimeushusha."

Alichora shavu. Alichora kidevu na kidoti chake, pua, mdomo. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe, mkono wa mtu mwenye vitabu saba. Kisha ukafika juu ya pua, ukasimama.

Hakuyakumbuka.

Alifumba macho yake akatafuta. Aliukuta ushungi, alikuta harufu ya iliki, alikuta kanga ya njano, lakini mahali pa macho palikuwa na mabaka mawili meupe. Picha ya Mwamvita iliyobaki nyumbani ilikuwa moja, ya harusi, na bibi harusi wa enzi zile hainui uso. Ameinama, kope zimefunika kila kitu. Alikuwa amechora mamia ya macho kwenye meza ya Sarah, ya watoto wa watu, ya kuku na sungura. Haya aliyachora mara moja tu.

"Baba," alisema. "Nisaidie. Yalikuwaje?"

Mzee Yunusu alieleza. Alieleza vizuri, kifundi, kama anayemwelekeza mtu kwenye ngazi. Si makubwa. La kushoto lilikuwa dogo kuliko la kulia, kidogo sana, linaonekana akicheka. Kope ya juu nzito. Nyusi nyembamba, iliyokatika mwishoni kwa kovu la utotoni. Mboni usiziweke katikati, alikuwa anatazama kama amekusikia unaitwa na mtu mwingine. Mwanaidi alichora, akafuta kwa kidole, akachora tena, akauliza, akarekebisha. Kidogo kidogo macho mawili yalifunguka ukutani. Alirudi nyuma hatua mbili akayatazama. Yalikuwa macho mazuri, yenye uhai, ya mwanamke fulani. Yangeweza kuwa ya mama yake, na yangeweza kuwa ya mpita njia yeyote wa Mlandege.

"Umemaliza?" baba aliuliza.

"Nimemaliza."

Mzee alikaa wima, akaweka kofia yake sawa kama mtu aliyeletewa mgeni, akaelekeza uso ukutani, pembeni kidogo ya pale mchoro ulipokuwa. Mwanaidi alikishika kigoda akakigeuza taratibu mpaka wakaelekeana.

"Ni yeye?" aliuliza binti. "Baba, niambie, ndiyo yenyewe?"

Mzee Yunusu alibaki anautazama ukuta asiouona.

"Mimi nitajuaje, mwanangu?" alisema. "Nilitegemea wewe uniambie."